Polipu Haikurudi, Haikuwa Imetoka

Kati ya maneno yote yanayosemwa Nyeri, Karatina, Nanyuki mpaka Embu na Meru kuhusu vinyama vya ndani ya mji wa mimba, lipo moja linaloumiza kuliko mengine kwa sababu husemwa na watu wenye nia njema: "Hicho kitu hata ukitoa kitarudi tu." Huambiwa mama aliyetokwa na damu miezi sita, akauza ng'ombe, akalazwa, "akaoshwa", akarudi nyumbani na matumaini, na kabla mahindi hayajakomaa pedi zikaanza kuisha tena kama zamani. Wenzake wa chama wanatikisa vichwa. Mmoja ana namba ya simu ya mtu wa mitishamba. Mwingine anamshauri aende akatolewe kizazi chote amalizane na hayo mambo. Wa tatu, kwa sauti ya chini, anauliza kama ni kansa.

Nayachukua madai hayo moja baada ya jingine. Machache ni uongo mtupu. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yaaminike.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Utando wa ndani wa mji wa mimba hujengeka kila mwezi, na mimba isipotunga humwagika kama hedhi. Mahali fulani kwenye utando huo pakikua kupita kiasi, tezi zake hujikusanya kuzunguka mshipa wa damu, pakatokea kinyama laini kinachoning'inia kwa kikonyo au kilichokaa kwa kitako kipana. Hiyo ndiyo polipu. Inaweza kuwa ya milimita chache au sentimita kadhaa, moja au kundi zima. Homoni ya estrojeni huilisha. Si faibroidi, ingawa sokoni majina hayo mawili huchanganywa kila siku. Faibroidi hutoka kwenye msuli wa kizazi, tiba yake ni nyingine na hatari zake ni nyingine. Wengi wenye polipu hawasikii lolote. Wengine huona hedhi nzito, matone katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya hedhi kukoma kabisa.

"Hata ukitoa itarudi tu"

Kurudi kupo, tusidanganyane. Tafiti zilizofuatilia wanawake baada ya kutolewa polipu zinatofautiana mno: nyingine ziliona imerudi kwa watu 2 au 3 kati ya 100, nyingine kwa zaidi ya 40. Tofauti kubwa hivyo ina sababu. Mwenye polipu nyingi kwa mpigo yuko hatarini kuliko mwenye moja. Aliye na endometriosisi vilevile. Anayefuatiliwa kwa miaka ataonekana nazo zaidi ya anayefuatiliwa kwa miezi. Na juu ya yote, kuna namna ilivyotolewa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya polipu tunazosema zimerudi hazikurudi kutoka popote. Hazikuwa zimetoka.

Fikiria kinachofanyika mama "anapooshwa". Daktari anapanua mlango wa kizazi, anaingiza chombo chembamba chenye ncha ya mviringo, anakwangua kuta za ndani na kutoa anachokipata. Haoni ndani; anaenda kwa mkono na uzoefu. Chombo hicho kilianzishwa na daktari Mfaransa, Joseph Récamier, katika karne ya 19, na kimeokoa roho nyingi. Mimba ikiharibika na mabaki yakabaki, au damu ikimwagika usiku na hakuna njia nyingine, kukwangua ni msaada wa kweli. Lakini polipu ni laini na ina kikonyo. Chuma kikipita, inajikunja kando, kisha inarudi mahali pake. Wakati mwingine inakatika kichwa tu, shina linabaki na mshipa wake wa damu, na lenye mshipa wa damu litaota.

Mwaka wa 2001 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya wanawake waliokuwa wakitokwa na damu baada ya kukoma hedhi. Walikwanguliwa, kisha wakatazamwa ndani kwa kamera ili ionekane kimebaki nini. Kati ya polipu 43, kukwangua kulikuwa kumekosa 25. Zaidi ya nusu. Hao walikuwa mikononi mwa mabingwa, katika hospitali yenye kila kifaa. Sasa mlete mama wa Mukurweini aliyeoshwa mara mbili na kuambiwa ana mwili wa "kuotesha vitu", kisha uniambie kosa ni la mwili wake.

Njia inayofaa inaitwa histeroskopi. Ni bomba jembamba lenye taa na kamera, linalopitishwa ukeni hadi ndani ya kizazi bila kukata tumbo. Maji ya chumvi huingizwa ili kuta ziachane, daktari anaona kwenye skrini polipu imesimama wapi, anaikata kwenye shina, kisha anatazama tena kuhakikisha pamebaki safi. Polipu ndogo mara nyingi hutolewa bila mgonjwa kulazwa. Na si jambo la juzi. Mtu wa kwanza kuandika kwamba ametazama ndani ya kizazi cha mgonjwa aliye hai ni Pantaleoni, mwaka wa 1869, na mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa na damu isiyokoma. Alichokikuta ni polipu, akaichoma kwa dawa ya fedha huku akiiona. Zaidi ya miaka 150 baadaye, bado kuna wanawake wanaokwanguliwa gizani, wakirudi na damu wanalaumiwa miili yao.

Kwa hivyo kabla ya kukubali kwamba "imerudi", tafuta ile karatasi uliyopewa ukitoka wodini. Wengi wetu huikunja na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ifungue. Ukiona herufi D&C peke yake, ulikwanguliwa bila kuonwa ndani. Ukiona imetajwa histeroskopi na kuondolewa polipu, basi ilionwa na kukatwa, na ikionekana nyingine sasa, hapo tunaweza kuzungumza kuhusu kurudi. Karatasi hiyo itamwambia daktari wa pili mengi kuliko maelezo yako ya dakika kumi.

Sisemi haya kuwashtaki madaktari wa kaunti. Daktari anayefanya kazi na alichopewa, huku foleni imefika getini, hawezi kutumia kamera isiyokuwapo. Anachoweza ni kusema wazi: nimekwangua, sikuona ndani, damu ikirudi nakupeleka mahali penye kamera. Hilo halina gharama.

"Dawa ya mitishamba iliyeyusha yangu, na skani ninayo"

Hili ni dai gumu, kwa kuwa anayelitoa hasemi uongo. Alipigwa skani mwezi wa tatu, polipu ikaonekana. Akanywa chupa tatu za maji ya kahawia. Akapigwa skani mwezi wa tisa, hakuna kitu. Ushuhuda wake unapigiwa makofi kanisani na kurudiwa redioni, na muuzaji anaongeza bei.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hayasemi. La kwanza ni kwamba polipu ndogo hunywea zenyewe. Watafiti wa Norwe waliwaacha wanawake wenye polipu bila tiba kwa mwaka mmoja, na kama robo ya polipu zikatoweka, hasa zile zisizofika sentimita moja. Yaani ukiwapa watu 100 wenye polipu chai ya rangi kila asubuhi kwa mwaka mzima, kama 25 watatoa ushuhuda wa chai ya rangi. Wale 75 hawaitwi redioni.

La pili ni tarehe ya skani. Siku chache kabla ya hedhi utando wa kizazi huwa mnene na wenye mikunjo, na mkunjo mmoja unaweza kuonekana kama polipu. Baada ya hedhi utando unakuwa mwembamba na mkunjo haupo. Ndiyo maana skani ya kutafuta polipu, inayofaa kufanywa kwa kifaa cha kupitishwa ukeni, huhitajika hedhi inapoisha, kabla ya siku ya 10 ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu. Mama aliyepigwa skani siku ya 25 akaambiwa ana polipu, kisha siku ya 7 akaambiwa hana, huenda hakuwa nayo tangu mwanzo. Skani ikiacha shaka, kuna njia ya kuingiza maji kidogo ya chumvi ndani ya kizazi wakati wa kupima, na kinyama kinajitokeza wazi.

Hapa pia ndipo dai jingine linapoanguka, lile la kwamba kila polipu lazima itolewe haraka. Ndogo, isiyo na dalili, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, inaweza kusubiriwa na kupimwa tena. Anayekuogopesha ukalazwe kesho kwa polipu ya milimita 6 usiyoisikia, muulize sababu.

Kuhusu vile vidonge vya kuingizwa ukeni vilivyofungwa kwa kitambaa na uzi, vinavyouzwa kwa WhatsApp kuwa "husafisha kizazi", sina maneno mengi. Mlango wa kizazi umefungika. Dawa iliyowekwa ukeni haipandi kwenda kuchuna polipu. Uchafu mwingi unaotoka baada ya siku tatu, ambao picha zake husambazwa kama ushindi, ni majimaji ya uke uliokereka pamoja na unga wa dawa yenyewe. Uke hujisafisha wenyewe. Ukikaa na kitambaa siku kadhaa ndani, unachokaribisha ni michubuko na maambukizi.

"Ni njahi"

Dai hili ni la kwetu hasa. Njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, ni chakula cha heshima kwa Agĩkũyũ. Mzazi hupikiwa, na hakuna ruracio, sherehe ya mahari, inayokwisha bila sufuria yake. Hata mlima wa Kilimambogo wazee waliuita Kĩrĩma kĩa Njahĩ. Kisha miaka ya karibuni yakaenea maneno kwamba njahi imejaa estrojeni, kwamba ndiyo inayowajaza wanawake wa Mlima Kenya faibroidi na polipu, na kuna wasichana wanaosukuma sahani mbali mbele ya shosho.

Chembe ya ukweli ni kwamba jamii ya maharagwe, soya ikiongoza, ina viini vya mmea vinavyofanana kidogo na estrojeni. Nguvu yake mwilini ni dhaifu mno ikilinganishwa na estrojeni yenyewe. Utafiti unaotajwa kutisha watu ulifanyika Italia na kuchapishwa mwaka wa 2004: wanawake waliokoma hedhi walimeza vidonge vya viini vya soya vilivyokolezwa, miligramu 150 kila siku kwa miaka 5, na wachache wao, chini ya 4 kati ya 100, walipata utando uliokua kupita kawaida. Hakuna aliyepata kansa. Hivyo ni vidonge, tena vya soya, kila siku, miaka mitano. Sahani ya njahi na ndizi ya Jumapili haimo katika hadithi hiyo. Kula njahi yako. Cha kutazama, ikiwa unataka kutazama chakula, ni mafuta yaliyokaangiwa na ukubwa wa sahani.

Maana uzito unahusika kweli. Mafuta ya mwili hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na hedhi ikishakoma hicho ndicho kiwanda kikubwa kilichobaki. Unene na shinikizo la damu huandamana na polipu katika tafiti nyingi. Nyeri ilipochaguliwa mwaka wa 2018 kuwa mojawapo ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, sababu iliyotolewa ilikuwa mzigo wake wa kisukari na shinikizo la damu. Kwa hivyo ndiyo, kupunguza uzito kuna maana. Lakini asitokee mtu kumwambia mama mwembamba kwamba hawezi kupata polipu, wala mama mnene kwamba ameyataka mwenyewe. Kwa wengine ni umri tu, kwani polipu huzidi miaka ya arobaini na hamsini, na kwa wengine ni ukoo: mwenye jamaa kadhaa waliopata kansa ya utumbo mpana au ya kizazi wangali vijana amweleze daktari.

"Ni sindano ya kupanga uzazi, damu isiyotoka inaganda inakuwa kinyama"

Hakuna tangi la damu ndani ya mwanamke. Sindano ya miezi mitatu huufanya utando wa kizazi uwe mwembamba, na utando usiojengeka hauna cha kumwaga. Hedhi inapotea kwa kuwa haikutengenezwa, haikufichwa popote.

Tena mambo ni kinyume cha dai. Koili yenye homoni ya levonogestreli, inayotoa dawa kidogo kidogo ndani ya kizazi kwa miaka, ndiyo mojawapo ya njia zenye ushahidi mzuri wa kupunguza kurudi kwa polipu baada ya kutolewa vizuri. Usiichanganye na koili ya shaba, ambayo haina homoni na ambayo kwa wengine huongeza hedhi. Tafiti kadhaa, nyingi zikitoka Uchina, zimeonyesha pia kwamba vidonge vya jamii ya projesteroni baada ya upasuaji hupunguza kurudi, na hivyo vinamfaa anayetaka kushika mimba hivi karibuni na hawezi kuwekewa koili. Lakini usitarajie vidonge hivyo viyeyushe polipu kubwa iliyopo tayari. Vinaweza kupunguza damu kwa muda, ukaacha kuvimeza, ikarudi. Baadhi ya wanawake ambao polipu zao hurudi hukutwa pia na uchochezi sugu wa utando wa kizazi, jambo linaloonekana nyama ikipimwa na linalotibiwa kwa antibiotiki. Hilo si la kubahatisha kwa kununua vidonge dukani.

Ubaya wa dai la sindano ni huu: damu yoyote inasingiziwa sindano. Mama anavuja mwaka mzima akiambiwa "ni family planning, itazoea", kumbe kuna kitu ndani. Matone ya miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakizidi hapo, au yakianza ghafla baada ya miaka ya utulivu, ni ya kuchunguzwa.

Kuna kundi moja ambalo dawa inahusika kweli. Wanawake waliotibiwa kansa ya matiti na kupewa tamoksifeni hupata polipu zaidi ya wengine, kwa sababu dawa hiyo inayoizuia estrojeni kwenye titi huiga kazi yake kwenye kizazi. Asiache vidonge kwa sababu ya maneno ya saluni. Vinamlinda dhidi ya kansa iliyokwisha kumfikia. Aseme tu mara moja akiona damu. Na koili ya homoni kwake si uamuzi wa kliniki ya kupanga uzazi; ni wa daktari wake wa kansa.

"Nilipimwa Pap smear, iko safi"

Vizuri, endelea kupimwa. Ila kipimo hicho hutazama chembe za mlango wa kizazi, kutafuta dalili za kansa ya mlango huo. Polipu zetu ziko ndani zaidi. Ni kama umekagua mlango ukasema nyumba yote ni salama. Wapo wanaofarijika na jibu hilo miaka miwili huku damu ikiendelea.

"Nilishakoma hedhi; damu kidogo tu ni ujana unarudi"

Shosho wanalicheka hili, na ndilo dai hatari kuliko yote katika makala hii. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi akaona damu, hata doa moja, hata ya kahawia, anapaswa kuonwa. Wengi watakutwa na utando uliokonda, au polipu isiyo na neno. Lakini tafiti zikijumlishwa, kama 9 kati ya kila wanawake 100 wenye damu ya namna hiyo hukutwa na kansa ya kizazi. Na upande wa pili wa hesabu unatia moyo: kama 90 kati ya 100 wenye kansa hiyo walipewa onyo la damu, mara nyingi mapema, wakati inatibika.

Hapo ndipo swali la "ni kansa?" linapojibiwa. Polipu nyingi mno si kansa. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, zenye chembe mbaya ni kama 2 kati ya 100. Kwa aliyekoma, kama 5, na zaidi kwa yule anayetokwa na damu. Anayesema kila polipu ni kansa anatisha watu bure. Anayesema haiwezi kamwe kuwa kansa anawaua wachache. Njia ya kujua ni moja: nyama iliyotolewa ipimwe maabara.

Na hapa pana tundu kubwa katika huduma zetu. Mara nyingi nyama huwekwa kwenye kikopo chenye formalini, kinafungwa, kinabandikwa jina, na anapewa mume au binti aliyekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji akipeleke maabara, akalipe kando. Pesa zimeisha kwa upasuaji. Kikopo kinafika nyumbani, kinawekwa juu ya kabati, "tutapeleka mwisho wa mwezi". Nasikitika kusema kikopo hicho ndicho kilichokuwa sababu ya kwenda hospitali. Usiongeze maji humo, usihamishie kwenye chupa nyingine. Kipeleke, uchukue namba ya risiti, na urudi kuchukua majibu, kwa kuwa hakuna anayehakikisha yatakufuata Othaya. Kama polipu yako ilitolewa miaka miwili iliyopita na hujawahi kusomewa majibu, nenda ukaulize leo.

"Toa kizazi chote umalize"

Kwa wengine ni jibu sahihi. Majibu ya maabara yakionyesha kansa, au chembe zilizoanza kugeuka, kuondoa kizazi kwa kawaida ndiyo tiba. Vilevile yupo mama aliyemaliza kuzaa, amejaribu njia zinazofaa, amechoka, naye ameamua kwa akili yake timamu. Hana haja ya ruhusa yangu.

Ila kumpeleka mwanamke kwenye upasuaji mkubwa, wenye hatari ya kuvuja damu, kuumia kibofu na wiki kadhaa za kutobeba mtungi, kwa sababu ya kinyama ambacho hakijawahi kutolewa kwa kamera hata mara moja, ni kuruka ngazi. Kwanza itolewe ikionekana. Ipimwe. Akingwe kwa homoni isirudi, kama hali yake inaruhusu. Ikirudi baada ya hayo yote, tutazungumza.

Lile la kwamba mwenye polipu hawezi kuzaa nalijibu kwa ufupi. Wengi wamezaa nazo bila kujua. Zinaweza kuzuia mimba kushika, na katika utafiti wa Uhispania uliochapishwa mwaka wa 2005, wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto na wakatolewa polipu kabla ya kupandikiziwa mbegu walipata mimba kama mara mbili ya wale ambao polipu zao ziliachwa. Mama mkwe asiyejua hilo aelezwe kabla hajaanza kutafuta bibi wa pili.

"Kunywa biturutu, damu itajaa"

Biturutu ina rangi tu. Madini ya chuma iliyo nayo ni kidogo mno kwa mtu aliyevuja damu miezi. Anahitaji kupimwa kiwango cha damu na kupewa vidonge vya chuma, na wakati mwingine chuma cha kudungwa mshipani. Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi wa nchi ya majani chai: chai inayonywewa pamoja na chakula au vidonge hivyo huzuia chuma kufyonzwa. Kikombe kingoje saa moja au mbili. Najua ni shida kwa mtu wa Chinga.

"Hakuna pa kwenda ila Nairobi"

Kazi nyingi hufanyika hapa hapa. Skani kwa tarehe inayofaa, kipimo cha mimba, kiwango cha damu, presha na sukari, daktari wa wanawake wa kusoma karatasi zako: kwa hayo huna haja ya kuvuka Sagana. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri, Consolata Mathari, Outspan, Tumutumu na Othaya. Walio pande nyingine za mlima wana Nanyuki, Meru, Chogoria, Embu na Kerugoya. Kinachobadilika kutoka hospitali hadi hospitali, na hata mwezi hadi mwezi, ni kamera na mtu wa kuitumia. Kwa hivyo piga simu kabla ya kupanda matatu, na usiulize kama "wanatoa polipu", maana jibu litakuwa ndiyo kila mahali. Uliza kama wanatoa kwa histeroskopi, kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, na ni lini daktari wake yupo. Kama hakuna, omba barua ya rufaa badala ya kukubali kuoshwa mara ya tatu. Uliza SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa nini na idhini yake inaombwa na nani. Na uliza kama kikopo cha maabara kimo ndani ya bei ya upasuaji au utakilipia kando.